Weupe wa Mstari wa Mbele

Siku Sitoyeni Mwenze, mkuu wa kikundi cha kuimba cha kiwanda, alipomwondoa Feza mstari wa mbele, hakumwita pembeni akamwambia taratibu kama mtu mwenye haya. Alimwambia hadharani, uwanjani mwa kiwanda, wanawake wote wa kupakia biskuti wakisikia na wanaume wa tanuri wakichungulia madirishani.

"Feza, sauti yako iko muzuri sana, hakuna muntu anakataa. Lakini bantu ba televizyo banakuja, na weye uko mweusi sana. Kamera itaona tu meno."

Waliocheka walicheka, na Mungu anawajua. Feza alisimama pale na kitenge chake cha Chama kiunoni, mdomo wazi, kwa sababu alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanzisha wimbo. Pumzi ile ikabaki kifuani haina pa kwenda.

Mwaka ule wa sabini na tano, Lubumbashi nzima haikuwa na kiwanda, ofisi wala shule isiyo na kikundi chake cha kuimba na kucheza sifa za Chama. Watu waliita animasyo. Bwana na bibi navyo vilikuwa vimefutwa; kila mtu aliitwa sitoyeni, yaani mwananchi. Mashine zikizimwa, hakuna kukimbilia nyumbani kusonga bukari. Mnatoka uwanjani, mnapanga mistari, mnatikisa viuno kwa ajili ya taifa, uwe umechoka, uwe una mimba, uwe kama Feza, binti wa Mzee Kasimu, fundi cherehani, Mwislamu wa watu, ambaye hakuwahi hata kuota kwamba mwanawe angecheza mbele ya wanaume. Mzee Kasimu alinung'unika, ndiyo, lakini alinung'unikia chumbani, dirisha likiwa limefungwa.

Feza mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa anaipenda animasyo. Si viuno alivyovipenda. Alipenda kuimbisha. Katika nyimbo zile mmoja anauliza na wengine wanajibu, na yule anayeuliza ndiye anayebeba wimbo wote. Akikaza, wanakaza. Akilegeza, wanalegeza. Feza alipouliza, hata mwanamke aliyesimama kutwa nzima mbele ya mashine ya kufungia makaratasi alijikuta anaruka bila kujijua. Sauti yake ilivuka ukuta wa kiwanda ikafika kwa wauza mkaa kule ng'ambo ya reli, nao waliacha kupima mkaa wakasikiliza.

Na hicho kilikuwa kitu chake cha pekee ambacho watu hawakukitilia "lakini". Maana huko mtaani kwao Hewa Bora, "lakini" alianza kuisikia tangu utoto. Feza ana macho, lakini. Feza ana adabu, lakini. Umbo analo, alhamdulillahi, lakini ile rangi, mama yangu! Alipozaliwa, shangazi zake walikuja wakamfunua masikio, kama wanavyofanya kwa kila mtoto mchanga, kwa sababu mtoto anazaliwa mwekundu na rangi atakayokaa nayo inaonekana kwenye ncha ya sikio. Walitazama sikio la kulia, wakatazama la kushoto, wakatazamana wao kwa wao. Halafu mmoja akamwambia mama mzazi apige moyo konde, wa pili atakuwa afadhali. Kisa hicho walikisimulia kwenye kila harusi, mbele ya Feza mwenyewe, na wakacheka hadi machozi. Kumbe alikuwa anasikia!

Kwa hiyo mjue alichonyang'anywa pale uwanjani. Hakunyang'anywa nafasi ya kusimama. Alinyang'anywa mahali pekee duniani alipokuwa mzuri bila nyongeza.

"Mbele kati kati atasimama Léonie," Mwenze aliendelea, akijifunga vizuri kola ya abakosti yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai. "Feza, weye utaimba nyuma ya ngoma na mikro. Léonie atafungua mudomo tu. Bantu batazani ni yeye."

Huyo Léonie, kwenye kitambulisho alikuwa Numbi, kwa sababu Chama kilikuwa kimefuta majina ya ubatizo nchi nzima. Mwenze alikuwa mkali sana wa jambo hilo, ila kwa Léonie alisahau, na alisahau kila siku. Msichana alikuwa mweupe wa kuzaliwa; babu yake alikuwa Mgiriki aliyefungua duka Sakania akazaa na mwenye nyumba wake, kisha akapanda treni bila kuaga. Sauti hakuwa nayo hata kidogo. Akiimba ni mlango usiotiwa mafuta. Naye alilijua hilo, maskini, na siku ile alitazama chini tu akichezea ncha ya kitenge chake.

Baadaye Mwenze akamwita Feza ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa na meza, picha ya ukutani na kabati lenye kufuli. Hapo sasa hasira ndipo inapoanzia, kwa sababu huyu bwana kila Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijaanza, alisimama juu ya kreti akawahutubia wanawake kuhusu heshima ya Mwafrika. Wigi marufuku. Suruali marufuku. Kujichubua ngozi ni utumwa wa mkoloni, ni kulitukana taifa! Alikuwa anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na sasa huyu huyu akafungua kufuli, akatoa kipande cha sabuni nyekundu kilichofungwa katika gazeti, akakisukuma juu ya meza.

"Muke yangu anaitoaka Sakania, kwa mupaka, inapita chini ya mifuko ya chumvi. Sikukuu ya tanuri mupya iko mwezi ujao. Komisaa wa Taifa mwenyewe anatoka Kinshasa. Ukijitengeneza kidogo, utarudi mbele. Mimi sina ubaya na weye, Feza. Nataka tu unisaidie."

"Sitoyeni, si ulisema Jumatatu kama hii sabuni ni marufuku?"

"Jumatatu ni Jumatatu," alisema Mwenze. "Ficha, banaweza kuona."

Feza akaificha kifuani. Kwa nini hakuitupa palepale? Rahisi kusema ninyi mliokaa. Chola alisema hivyo hivyo. Chola alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, mweusi kama yeye, mpana wa mabega, mtu wa kusema jambo likiwa bado la moto. Waliporudi pamoja jioni ile, alinusa tu akajua.

"Itupe kwa mufereji, Feza. Sasa hivi, nione."

"Weye hauimbishi, Chola. Mbele ama nyuma, kwako ni sawa."

"Kwangu haiko sawa. Mi nimezoea tu."

Walifika njia panda wakaachana bila kuagana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nyumbani, mama yake, Mama Alima, alikuwa uani anachambua matembele. Feza alipoinama kumsalimu, kile kipande kikateleza kikaanguka katika ungo, juu ya majani. Mama alikiokota, akafungua gazeti, akanusa. Angemkemea mtoto, Feza angejua la kujibu. Angelia, Feza angelia naye. Lakini Mama Alima alitazama mlangoni kama Mzee Kasimu yuko karibu, akakifunga tena, akakirudisha mikononi mwa binti yake.

"Paka kidogo tu, mwanangu. Na usisahau shingo, sababu bantu bataona rangi mbili."

Alisema kwa upendo wote alionao mama. Ndicho kilichomkata Feza maini kuliko kicheko chote cha kiwandani. Akajua kwamba mama yake, miaka yote hiyo, alikuwa akiwasubiri wale shangazi warudi waseme afadhali.

Haya. Sabuni ikafanya kazi yake. Kwanza ilifanya kazi nzuri, na huo ndio ulaghai wake. Uso ukaanza kung'aa. Majirani waliokuwa wakimpita na "jambo" ya haraka wakasimama. "Feza, unakula nini sasa? Utupe dawa!" Shangazi mmoja alikuja kutembea bila sababu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwambia Mama Alima, "Unaona? Mungu hamutupi muntu." Ati Mungu! Mungu wa kupita Sakania chini ya mifuko ya chumvi!

Hata Abibu akapata macho. Abibu mtoto wa fundi viatu, nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja tu wa mabati, walikua pamoja, waliugua surua pamoja. Ijumaa moja, akitoka msikitini na kanzu yake, alimsimamisha Feza barabarani.

"Feza, sikujua kama uko muzuri vile."

Feza alicheka, akaona aibu, akaenda zake. Alifurahi mpaka alipofika nyumbani. Alipokaa kitandani ndipo yale maneno yakamgeukia. Sikujua? Wewe uliyenilia maembe mkononi, wewe uliyenibeba mgongoni nilipokatwa na chupa, hukujua? Basi mimi nilikuwa nani miaka yote hii? Akavua kitambaa akakitupa ukutani. Na kesho yake asubuhi akapaka tena, kwa sababu pamoja na hasira yote, lile neno lilikuwa tamu.

Mwenze alimrudisha mbele. Hakumrudisha kimya kimya. Alimshika bega akamzungusha mbele ya wenzake kama kiti kilichopigwa vanishi. "Munaona? Kila kitu ni kutaka." Wiki ile ile kabati likafunguliwa mara nyingi. Mstari wa mbele wote ukapata sabuni, na wale wa mstari wa pili wakaanza kumfuata Mwenze na salamu tamu tamu. Chola peke yake ndiye aliyeirudisha, akaiweka juu ya meza bila kufungua gazeti, na kwa jeuri hiyo akapelekwa mwisho kabisa wa mstari wa nyuma, jirani na mapipa.

Mazoezi yakapamba moto. Nyimbo zilikuwa za Chama na za Komisaa, yaani waziri, lakini Mwenze hakutaka siku kubwa kama ile ipite bila jina lake. Akaongeza ubeti wake mwenyewe. Ubeti ulikwenda hivi: Feza anauliza, "Nani anatuamusha asubuhi?" Wote wanajibu, "Sitoyeni Mwenze!" "Nani anatupenda kama baba?" "Sitoyeni Mwenze!" "Nani anatuonyesha njia?" "Sitoyeni Mwenze!" Walirudia jioni kwa jioni, naye amesimama katikati akitingisha mabega, macho amefumba, mpaka jibu lile likawa linawatoka wanawake hata wakiwa usingizini. Mume wa mmoja wao alikuja kulalamika, nusura apigane.

Lakini ngozi si ukuta useme utaipaka rangi ikae. Feza alikuwa anafanya kazi karibu na tanuri, na joto likaanza kumla. Mashavu yakawasha, yakavimba, yakachunika. Jasho likipita juu yake alikuwa anauma meno asipige kelele. Akitoka juani, jicho lilitoa machozi lenyewe. Viungo vya vidole vilibaki vyeusi, masikio yalibaki meusi, na kati ya paji na nywele pakatokea ukanda wa rangi isiyo na jina. Usiku, Mama Alima alimpaka mafuta kwa kidole kimoja, taratibu.

"Acha sasa, mwanangu. Mi nilikosa. Acha."

"Imebaki kidogo, mama. Nikiacha leo nitarudi nyuma ya ngoma, na uso tayari umeharibika. Nitakuwa nimepoteza vyote viwili."

Mama akachovya kidole tena katika mafuta, akaendelea na shavu la pili. 

Sikukuu ikafika. Uwanja ulifagiwa hadi vumbi likakosekana. Tanuri jipya lilifungwa utepe, viti vya wakubwa vikapangwa chini ya turubai, watu wa televisheni wakasimamisha kamera yao juu ya meza ya kupakia. Wanawake walikuwa wamepanga mistari tangu asubuhi, juani. Feza alikuwa mbele katikati, amepaka poda juu ya vidonda, mikro ya kukuzia sauti mkononi. Alicholipia kusimama pale alikijua yeye peke yake.

Komisaa alikuwa bado hajafika ilipotangulia gari moja nyeusi, akashuka bwana wa protokole, wa kupanga mapokezi ya wakubwa, kutoka Kinshasa, kijana, miwani myeusi, viatu vinalia. Kiswahili hakukijua. Alipita mbele ya mstari akitabasamu, na tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo. Akavua miwani. Akamsogelea Feza, akamshika mkono, akatazama vile vidole vyeusi, akatazama uso. Kisha akageuka akaanza kufoka kwa Kifaransa, na kila mtu alielewa bila mkalimani: Hii ni nini? Komisaa wa Taifa, mlinzi wa utamaduni wetu, aje apokewe na wanawake waliojichubua? Mbele ya kamera? Mnataka Afrika nzima itucheke?

Kila mtu akamtazama Mwenze. Na Mwenze, wallahi, hakupepesa hata jicho. Mikono akaipanua kama baba aliyechoshwa na watoto, akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Citoyen, nimebakataza kila Jumatatu! Uliza wote! Hawa bamama habasikii. Banapenda uzungu." Akageuka, akanyoosha kidole. "Huyu ndo mukubwa wao. Huyu Feza ndo alianzisha."

 Feza akaanza kutaja kabati, lakini hakungojwa amalize. Yule kijana akapita na kidole chake kama mtu anayechagua nyanya mbovu: wewe, wewe, wewe, tokeni. Akamtoa na Léonie.

"Mimi nilizaliwa vile!" Léonie alipiga kelele. "Sijapaka kitu! Uliza mama yangu!"

"Wote banasema vile vile," Mwenze alimjibu, na hakumtazama usoni, yeye aliyekuwa akimtazama kila siku.

Basi wale wa nyuma wakaletwa mbele. Chola akavutwa kutoka kwenye mapipa, mapipa alikotupwa kwa kukataa sabuni, akasimamishwa katikati, na kijana wa protokole akapiga makofi: huyu ndiye mwanamke halisi! Chola alisimama hapo kama mtu aliyevishwa nguo ya maiti. Ikabaki tatizo dogo. Nani ataimbisha? Chola hakuweza. Hakuna aliyeweza. Mwenze akamkimbilia Feza, jasho linamtoka, sauti imekuwa ya asali.

"Mudogo wangu, chukua mikro, ingia nyuma ya hangari, uimbe kutoka kule. Chola atafungua mudomo. Mambo ya kazi yako tutaona kesho."

Mnaona? Akiwa mweusi, aimbe nyuma ili asionekane. Akiwa mweupe, aimbe nyuma ili asionekane. Sauti yake walikuwa wanaitaka siku zote mbili. Yeye mwenyewe ndiye hawakuwa na mahali pa kumweka.

Nyuma ya hangari, lile banda la mabati la kiwanda, kulikuwa na makreti yaliyovunjika na harufu ya mafuta yaliyooza. Wasichana waliotolewa walikuwa wamekaa chini, wengine wanalia, wengine wanajifuta poda na ncha za vitenge. Léonie alikuwa ameegemea bati, anatetemeka kwa hasira. Feza alichungulia kwenye mwanya wa mabati. Alimwona Komisaa anashuka, mtu mnene mwenye uso wa furaha, anakaa. Aliona ngoma zinainuliwa. Mwenze akatoa ishara kuelekea hangari.

Feza akavuta pumzi, akaimba. Wimbo wa kwanza aliimba kama walivyojifunza. Wa pili vilevile. Chola kule mbele alifungua mdomo na kuufunga kama samaki, na machozi yanamtoka. Komisaa alikuwa anapiga makofi, naye, kama yule kijana wake, Kiswahili hakukijua. Alikuwa anafuata mdundo tu. Ukaja ubeti wa Mwenze. Mwenze akaruka katikati ya uwanja, akafumba macho, mabega yakaanza kazi.

"Nani anatuamusha asubuhi?"

"Sitoyeni Mwenze!"

"Nani anatupenda kama baba?"

"Sitoyeni Mwenze!"

Neno hilo la baba ndilo lililomfika Feza hapa.  Hakupanga, hakuna mtu anayepanga jambo kama lile. Aliona tu mabega yale yanavyotikisika, na swali la tatu likamtoka lingine kabisa, kwa sauti ile ile, kwa kipimo kile kile:

"Nani alituletea sabuni?"

"Sitoyeni Mwenze!" walijibu wote, kwa mazoea, kwa nguvu, na waliposikia walichojibu, macho yakawatoka.

Mwenze akafumbua macho.

"Nani anaificha kwa kabati?"

"Sitoyeni Mwenze!" Sasa si mazoea. Sasa walijibu kama watu wanaobomoa mlango. Chola aliacha kuigiza, akageukia wenzake, akapaza sauti yake mbaya nzito kuliko wote. Léonie akainuka nyuma ya hangari akajibu naye, na wale waliokuwa wanalia wakainuka wakajibu.

"Nani alisema mweusi aende nyuma?"

"Sitoyeni Mwenze!"

"Nani anasema mweupe aende nyuma?"

"Sitoyeni Mwenze!"

Feza akatoka. Alitoka nyuma ya hangari na mikro yake, akaenda hadi waya ulipoishia, karibu kabisa na kamera, uso wazi, poda imeyeyuka, vidonda vinang'aa juani. Kijana wa protokole akaruka kumzuia, lakini Komisaa alimkataza kwa mkono: mwache, mwache, huu ndio moyo wa watu! Akamwita Mwenze karibu, akamwuliza kwa Kifaransa wanawake wanasema nini.

"Banashukuru, Citoyen," alijibu Mwenze kwa Kifaransa, na midomo imekauka.

"Basi cheza! Wanakuimba wewe!"

Na Mwenze akacheza. Angefanya nini? Mkubwa anapiga makofi. Alitikisa mabega yake mbele ya kila swali, abakosti imelowa mgongoni, anatabasamu na meno yote, huku wanaume wa tanuri madirishani wanashikana mbavu, na ng'ambo ya ukuta wauza mkaa wameanza kujibu pia.

"Nani alimupima Léonie na macho?"

"Sitoyeni Mwenze!"

"Nani alinitaja mimi, akajificha yeye?"

"Sitoyeni Mwenze!"

Feza alijua kazi imekwisha. Alijua kesho hatapita lango lile, na labda watakuja kumuuliza maswali hata nyumbani kwa baba yake. Hayo yote aliyajua na hayakumtisha. Kilichomtisha ni jua. Jua lilikuwa linampiga shavuni pale ngozi ilipotoka, linauma hadi ndani ya mfupa, na alielewa kwamba maumivu hayo hayatabaki hapa uwanjani, atakwenda nayo. Akavuta pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo. Sauti ilitoka ndogo, lakini mikro iliibeba.

"Nani atanirudishia uso wangu?"

Midomo yote ikafunguka kwa pamoja. "Sitoyeni..." walianza, na wakasimama. Hakuna aliyeweza kulimaliza. Walimtazama Feza, kisha wakatazamana, na wale wa mstari wa mbele waliotolewa wakajishika mashavu yao. Ngoma ziliendelea peke yake kidogo, halafu nazo zikanyamaza.

Komisaa alidhani wimbo umekwisha. Akasimama, akainua mikono juu ya kichwa akapiga makofi, na wageni wote chini ya turubai wakasimama, wakapiga makofi pamoja naye.